Mchoro wa Mkono wa Kushoto

Ukitaka kumjua Heidrun Melzer, usimwulize habari zake. Nenda dukani kwake Jumanne au Ijumaa, maana siku nyingine siku hizi hafungui, uombe nyembe za msumeno wa nakshi, halafu useme hujui namba. Hapo ndipo utakapomjua! "Hujui namba? Na viatu vyako unavinunua kwa kukisia?" Atakutolea macho juu ya miwani, akuulize mbao yako ina unene gani, ni laini au ngumu, kona zako ni kali au za mviringo. Ukishababaika vya kutosha, atavuta droo bila hata kuitazama, akuwekee mezani dazani moja ya nyembe nyembamba kama uzi, zimefungwa kwa waya. Namba tatu. Ukifika nyumbani utakuta ndizo hasa.

Huku kwetu Krummenbach, juu milimani, karibu kila nyumba ina mtu anayekata nakshi. Karani wa benki anakata, muuguzi anakata, mstaafu wa mgodi anakata mpaka mkewe anamfukuza na vumbi lake. Hawauzi. Wanakata kwa ajili ya madirisha yao tu, yapate kuwaka mwezi wa Desemba. Na wote hao hununua kwa Heidrun: plaiwudi, msasa, gundi, vijidrili vya kutobolea, taa ndogo ndogo za umbo la mshumaa. Ndivyo ilivyo tangu alipofungua duka mwaka wa tisini; kabla ya hapo wembe mmoja uliokatika ulikuwa msiba, watu wakiviunga vipande kwa moto. Kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kukata chochote. Akiulizwa sababu, alikuwa akisema, "Humu ndani anayekata yupo. Na mimi nikikata, nani atafagia?"

Aliyekata alikuwa mumewe, Gotthard. Fundi wa kiwanda cha mashine za kufulia, mikono ya dhahabu, na mdomo kama umefungwa kwa komeo. Heidrun alipenda kuwasimulia wateja jinsi alivyochumbiwa. Jumapili tatu Gotthard alimsindikiza kutoka kanisani hadi kwao bila kutoa neno. Jumapili ya nne akaingia ndani, akaweka juu ya meza ya mama mkwe kijisanduku alichokikata kwa msumeno, kina herufi zao mbili juu ya kifuniko, akauliza, "Basi?" Naye Heidrun akajibu, "Basi." Wateja walicheka mpaka wakasahau chenji zao.

Alicheka nao, lakini roho ilimuuma. Miaka arobaini na miwili ya ndoa, binti mmoja, duka moja, na siku hata moja yule mwanamume hakumwambia kama alimpenda, kama alifurahi, kama aliwahi kujuta. Supu ikiwa nzuri alisukuma sahani aongezewe. Heidrun alijifunza kusoma sahani. Ila mtu hawezi kusoma sahani maisha yote, jamani. Alitaka kusikia. Alilitaka neno moja tu, na aliamini kwamba uzeeni, wakiwa wamekaa na kahawa yao, litatoka lenyewe.

Kila mwaka Gotthard alikata tao jipya la mishumaa, yaani upinde wa mbao wenye picha za nakshi na taa zake, kwa ajili ya dirisha la duka. Jumamosi, siku moja kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, saa kumi na mbili jioni, kengele hupigwa na mji mzima huwasha madirisha kwa pamoja. Watu hutoka wakateremka barabarani kutazama, na tangu zamani matembezi huanzia kwa Heidrun. Mwenye nyumba akishawasha haruhusiwi kubaki ndani. Anatoka, anasimama na wenzake barabarani, kwa sababu tao hukatwa kwa ajili ya aliye nje. Gotthard alikuwa akisimama pale, kofia mkononi, akisifiwa na mji mzima, bila kujibu kitu.

Kiharusi kilimpiga mwezi wa Novemba, palepale kwenye meza yake ya kazi, ameshika msasa. Kilimchukua mkono wa kulia na sauti. Kichwa kilibaki kizima, na hilo ndilo lilikuwa balaa. Muuguzi akaleta kijibao cheusi na chaki, aandike haja zake kwa mkono wa kushoto. Gotthard akajaribu herufi mbili, akazitazama zilivyopinda kama za mtoto wa darasa la kwanza, akafungua dirisha, akakitupa kile kibao thelujini.

"Gotthard!" Heidrun alipiga kelele, nusu anacheka, nusu analia. "Andika hata neno moja, mume wangu! Mkono ukipinda, upinde! Mimi nitasoma!"

Akageukia ukutani. Mwanamume ambaye mji mzima ulikuwa ukija kuitazama mistari yake, aonekane anaandika vile? Thubutu.

Baada ya mwaka mpya akaanza kuchora. Alikaa kutwa nzima mezani, karatasi kubwa imetandazwa mbele yake, penseli kwenye mkono wa kushoto, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Heidrun akiingia na kahawa, mzee analalia karatasi kwa kifua asiione. "Haya, haya, sitazami," anasema, anaweka kikombe, anaondoka. Alifurahi kumwona ana kazi. Mwezi wa Aprili Gotthard akafariki, na hakuna neno lililotoka.

Ule mchoro Heidrun aliukuta wakati wa kiangazi, umeviringishwa nyuma ya rundo la plaiwudi. Aliufungua juu ya kaunta, akashika mdomo. Lilikuwa tao zima la dirishani: upande wa kushoto kanisa, kisha mtaa wao, kisha duka lenyewe na mwanamke nyuma ya kaunta, miwani puani, na upande wa kulia kabisa njia ya msituni walikozoea kutembea Jumapili. Mistari ilitetemeka kidogo, lakini ilikuwa yake. Ndani ya matundu, yaani zile sehemu za kukatwa na kuanguka, kulikuwa na vialama vidogo vya penseli, vimejikunja kama nywele. Heidrun alivijua. Miaka yote Gotthard aliandika ndani ya kila tundu namba ya wembe unaofaa, mkono usije ukakosea. "Maskini," alisema, "hata namba zimemshinda." Akakunja karatasi.

Siku ile ile aliamua kwamba atalikata mwenyewe. Kwake ule haukuwa mchoro tena. Ndilo lile neno alilolisubiri, limekuja kwa njia ambayo Gotthard aliiweza, na yeye atalifuata kwa wembe mstari kwa mstari mpaka mwisho wake.

"Mama, mpe Mzee Siegmar akukatie," binti yake Kathrin alimwambia kwenye simu kutoka Hamburg. "Wewe hata jibini hujawahi kuikata ikanyooka."

"Siegmar ana mkono wake. Mimi nataka wa baba yako."

"Basi toa nakala kwanza. Usije ukaharibu ile yenyewe."

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na ni kosa ambalo Heidrun alikuwa amewagombeza nalo watu mamia kwa mamia. Juu ya kaunta yake kuna kibao: NAKILI KWANZA. Mchoro wa asili haubandikwi kwenye mbao, kwa sababu wembe ukishapita, umekwenda. Lakini mashine ya duka la vitabu inatoa karatasi ndogo tu, na kunakili kwa karatasi ya kaboni kungekuwa kufuatisha kwa mkono wake yeye, unaotetemeka kwa namna yake. Alijaribu kona moja, akaiona, akaichana. Ule ulikuwa mstari wa Heidrun. Basi akapaka gundi, akabandika karatasi yenyewe juu ya plaiwudi, akailainisha kwa kiganja taratibu kama anayemfunika mtu shuka. Sitaki kumlaumu. Mimi ningefanya vilevile, na wewe pia.

Alianza wiki tatu kabla ya Majilio. Siku mbili za kwanza alivunja dazani nzima ya nyembe. "Hakuna mteja kama mimi," alijiambia huku akivuta droo. Kisha mkono ukazoea. Unatoboa tundu kwa drili, unapitisha wembe, unakaza huku na huku, unawasha mashine ya msumeno ya Gotthard, unazungusha mbao polepole huku macho hayabanduki kwenye mstari, mpaka kipande kinajitoa na kudondoka sakafuni, tik. Halafu tundu jingine. Yalikuwa zaidi ya mia. Aliyakata kutoka kushoto kwenda kulia: madirisha ya kanisa, ngazi, matawi, rafu za duka.

Na alizungumza naye muda wote. "Hapa umenibania, Gotthard, kona gani hii?" "Eeh, hapo nimekwenda vizuri, au siyo?" Kila siku saa tisa alizima mashine, akafagia, akavitia vile vipande kwenye jiko la kuni, kama ifanyikavyo katika kila nyumba huku kwetu, vikavu vile hushika moto upesi. Kahawa ikachemka, naye akainywa akitazama alipofikia. Tangu mwezi wa Aprili hakuwa amepata raha kama ile. Yeye mwenyewe alisema hivyo, na hiyo ndiyo sehemu ya habari hii inayoniumiza zaidi.

Ijumaa, siku moja kabla ya kengele, yalibaki matundu manne. Siegmar akaingia kununua msasa. Huyu alikuwa tarishi zamani, rafiki wa Gotthard tangu shule, na baada ya Gotthard hakuna aliyemshinda kukata.

"Hodi shemeji. Nimesikia mashine kutoka barabarani nikadhani nimekufa, nimepokelewa na Gotthard."

"Wewe hufi, Siegmar. Huko juu nani atakubali kusikiliza hadithi zako?"

Akacheka, akaja nyuma ya kaunta. Hakulitazama tao. Mkataji mzoefu hatazami kazi, anatazama mabaki, kwa kuwa ukingo wa kipande kilichoanguka ndio unaosema kama mkono ulisimama wima au ulilala. Aliinama akiugulia magoti, akaokota kimoja katika vitano vilivyokuwa sakafuni tangu asubuhi, akatoa lenzi yake mfukoni.

"Wima kabisa! Nani kakufundisha?"

"Miaka yote hii ya kuwasikia mkijisifu hapa dukani."

Siegmar aliinamia lenzi. Alikuwa amekigeuza kipande upande wa karatasi. Akakisogeza dirishani.

"Shemeji, hiki umekisoma?"

"Nisome nini? Namba ya wembe hiyo."

"Siyo namba."

"Ni nini sasa?"

"Ni neno," alisema Siegmar. "Limeandikwa 'nililotaka'."

Heidrun akamnyang'anya lenzi. Herufi zilikuwa ndogo, zimebanana, zimepinda kweli, lakini zilikuwa herufi. Akapiga magoti, akaokota vingine vinne. Siegmar akavipanga juu ya kaunta kwa kufuata matundu vilikotoka, kisha wakainama pamoja juu ya yale matundu manne ambayo hayajakatwa, wakasoma kwa sauti, mmoja akimsahihisha mwenzake.

"'Na... hilo ndilo... nililotaka... kukwambia... siku zote...'" Hapo vipande viliishia, wakahamia kwenye mbao. "'Heidi... ila... mdomo wangu... mzito.'"

Heidi. Hakuwa amemwita hivyo tangu kabla Kathrin hajazaliwa.

"Hilo lipi?" Heidrun aliuliza. Alimshika Siegmar mkono wa koti. "'Na hilo', lipi? Siegmar, hilo lipi?"

Wote wawili wakageuka kulitazama tao. Kuanzia kanisani mpaka kwenye njia ya msituni, matundu zaidi ya mia, safi, yamekatwa wima, na mwanga wa dirishani ukipita ndani yake.

"Vile vingine umeviweka wapi?" Siegmar aliuliza, ingawa macho yake yalikuwa yamekwisha kufika kwenye jiko.

"Nimechemshia kahawa," alisema Heidrun.

Siegmar alivua kofia. Akasema labda vingine vilikuwa na namba kweli. Akasema labda maneno yalianzia hapo karibu tu, huwezi jua.

"Usinidanganye! Alama zilikuwa kila tundu. Kila tundu, Siegmar! Nilidhani mkono umemshinda."

"Basi kumbuka. Fumba macho. Hata moja hukuliona vizuri?"

Akafumba. Alikumbuka kila kona, kila mahali wembe ulipokatika, fundo la mbao lililomsumbua chini ya mnara. Maneno hakukumbuka hata moja, kwa sababu alikuwa akiutazama mstari tu, kama alivyowafundisha wateja wote: tazama mstari, usitazame kitakachoanguka. Kwenye rafu za duka kulikuwa na kitu kama 'mvua'. Au 'mvuke'. Au namba moja na namba tano. Akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyezika upya.

Kisha hasira zikaja. Alipiga kaunta kwa kiganja, vile vipande vitano vikaruka. "Mjinga wewe! Mjinga, Gotthard! Kulikuwa na karatasi nyumba nzima! Ungeandika nyuma ya kalenda! Ungeandika kwenye mfuko wa mkate! Nani anaandika maneno kwenye takataka?"

"Nadhani alitegemea kulikata mwenyewe," alisema Siegmar polepole. "Alidhani mkono utapona ifikapo vuli. Angelikata, vipande vingeanguka, wewe ungefagia kama kawaida. Angekuwa ameshakwambia, na wewe usingemwona akikwambia. Alitaka kusema bila kusikiwa."

"Basi amefaulu," alisema Heidrun.

Siegmar alimsihi asiliweke tao dirishani mwaka huo. Watu wataelewa, alisema, atawaambia yeye. Heidrun akakataa katakata. Gotthard hajawahi kukosa hata mwaka mmoja, na hatakosa huu kwa sababu mkewe ni kipofu. Yale matundu manne hakuyakata. Akaligeuza tao, upande wa karatasi ukaangalia ndani, upande wa mbao safi ukaangalia barabarani, akapachika taa zake, akakivisha kioo cha dirisha kitambaa mpaka kesho yake.

Jumamosi saa kumi na mbili kengele zikapigwa. Heidrun alikuwa amesimama gizani dukani, koti mwilini, kitambaa kichwani. Akakiondoa kile kitambaa cha dirisha, akawasha. Kule nje umati ukasema "Aaa!", kama kila mwaka, na sauti ya mwanamke mmoja ikasikika, "Loo, tazama, kamweka mkewe! Tazama miwani yake!" Watu wakapiga makofi. Kwenye njia ya msituni, pembeni kabisa, pale ambapo mwanga haukupita, hakuna aliyepaona.

"Mama Heidrun, toka uone!" waliita. "Toka, usitufanye tugande!"

Akafungua mlango. Barafu ilikuwa imeshika tangu mchana, na ngazi zote tano za duka zilikuwa za kijivu. Yalikuwa majivu ya lile jiko lililochemsha kahawa, ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiyamwaga pale kila asubuhi kwa wiki tatu ili wateja wasiteleze, wakipanda na kushuka na viatu vyao vizito. Siegmar alikuwa chini, amemnyooshea mkono.

"Njoo, shemeji. Shuka taratibu."

Heidrun aliinua mguu. Akazitazama ngazi kutoka ya juu hadi ya chini, watu wote wakimsubiri, na hakujua akanyage wapi.